Corolla 110 ya manual: gia moja na rivasi zinagoma injini ikipata moto, gia mbili inakwaruza. Ni klachi au giaboksi?

mkazi_wa_kimara

Habari zenu wakuu. Gari ni Toyota Corolla AE110, injini 5A-FE, manual ya gia tano. Asubuhi gia zinaingia bila shida kubwa, ukiacha uzito kidogo wa liva. Likishakaa kwenye foleni ya barabara ya Mandela, gia namba moja inagoma na rivasi inalia krrr, mpaka nizime injini, niingize gia, ndipo niwashe tena. Nikipampu pedali ya klachi haraka haraka kidogo inakubali. Gia namba mbili inakwaruza ninaposhuka kutoka tatu, hiyo haichagui baridi wala moto. Klachi haitelezi, mlima gari linavuta vizuri.

Oili iliyomo kwenye giaboksi ni 85W-140. Fundi anashauri tushushe giaboksi, ninunue seti nzima ya klachi pamoja na giaboksi ya mtumba. Kabla sijatoa hela nianzie wapi kukagua?

fundi_klachi

Mkuu, hela ibaki mfukoni kwanza. Umeeleza matatizo mawili yasiyohusiana, na fundi ameyafunga kwenye bili moja.

La kwanza ni klachi isiyokata. Ukikanyaga pedali mpaka chini, klachi pleti inatakiwa iachane kabisa na flaiwili (gurudumu zito linalozunguka na injini) ili shafti ya kuingilia giaboksi isimame. Kwako bado inaburuzwa. Ushahidi umeutoa mwenyewe: injini ikizimwa gia inaingia, na ukipampu inakubali. Kama kosa lingekuwa ndani ya giaboksi, kuzima injini kusingebadilisha chochote, na kupampu ndiyo kabisa. Rivasi inalia kwa sababu kwenye giaboksi hizi haina sinkronaiza (kifaa kinacholinganisha mizunguko kabla meno hayajaingiana), meno yanakutana moja kwa moja. Gia moja ina sinkronaiza, kwa hiyo hailii, inagoma tu.

Pima hivi, injini ikiwa ya moto. Egesha sehemu tambarare, handbreki juu, weka jiwe au gogo mbele na nyuma ya tairi. Injini iwe inawaka kwa sailensa, yaani mizunguko ya chini bila kukanyaga resi. Bila kukanyaga klachi, sogeza liva taratibu kuelekea rivasi mpaka usikie meno yanaanza kulia, usilazimishe. Sasa kanyaga klachi polepole. Sauti ikikoma, simama hapo hapo, kisha pima umbali uliobaki kutoka pedali ilipo mpaka mwisho kabisa wa kukanyaga. Kipimo cha Toyota ni milimita 25 au zaidi. Ukipata 10, au sauti isipokoma kabisa, klachi haikati.

Kabla ya kipimo toa kapeti chini ya pedali. Watu wanaweka kapeti mbili, juu yake plastiki, pedali inakosa sentimita nzima ya mwendo halafu lawama zinakwenda kwa klachi.

Ukishapima, ingia kwenye mfumo wa oili ya klachi, mambo manne:

1. Masta ya klachi, ile pampu inayosukumwa na pedali. Inama chini ya dashibodi, papasa pale rodi ya pedali inapoingia kwenye masta. Pakiwa na majimaji, sili ya nyuma imekwisha.
2. Slevu, ile silinda ndogo iliyofungwa kwenye giaboksi. Inua kidogo raba yake ya vumbi. Ndani pawe pakavu. Oili ikichuruzika, slevu inavuja.
3. Rangi ya oili. Ikiwa nyeusi kama chai ya rangi iliyokolea, raba za ndani zinamomonyoka. Ikiwa na kutu, maji yameingia.
4. Mpira wa presha unaokwenda kwenye slevu. Mtu akanyage pedali huku wewe umeushika. Ukivimba mkononi, mwendo wa pedali unaishia humo badala ya kufika kwenye klachi.

Halafu kipimo ambacho mafundi wengi wanakiruka: msaidizi akanyage pedali mpaka chini na kuishikilia dakika moja. Wewe tazama rodi ya slevu inayosukuma uma wa klachi. Ikitoka vizuri kisha ikaanza kurudi yenyewe wakati mguu haujaondoka, na hakuna tone lolote nje, masta inavujia ndani kwa ndani. Oili inapita pembeni ya raba na kurudi kwenye kopo lake la oili. Kwa nini iwe kwenye moto tu? Oili ikipata joto inakuwa nyepesi, raba iliyochakaa haiwezi tena kuizuia.

oili_na_gia

Naunga mkono, naongezea upande wa gia mbili. Kukwaruza kwa gia mbili peke yake, wakati tatu na nne ziko salama, ni dalili ya sinkronaiza ya gia hiyo. Ringi yake inafanya kazi kwa msuguano: inaibana gia mpaka mizunguko ilingane, ndipo meno yaingiane. Ikilika haishiki tena. Lakini ringi nzima pia inashindwa kazi oili ikiwa si yenyewe, na hapo ndipo 140 inapoingia. Ni nzito mno kwa giaboksi hii. Ringi inachelewa kuikata ile filamu ya oili iifikie gia, na shafti inachelewa kupunguza mwendo. Huo uzito wa liva asubuhi ni wa oili.

Inayotakiwa ni 75W-90, ujazo lita 1.9, hivyo nunua lita mbili. Kwa daraja la oili ya gia, Toyota wanakubali GL-4 au GL-5. Mimi nachagua GL-4 kila inapopatikana, kwa sababu GL-5 ina kemikali nyingi zaidi za kulinda meno ya difu, na utelezi huo huo unaikosesha ringi msuguano inaouhitaji.

Unapobadilisha, fungua kwanza nati ya kujazia iliyo ubavuni, ndipo ufungue ya kumwagia. Ukimwaga kwanza halafu ya kujazia ikagoma kwa kutu, gari limelala hapo. Mwaga likiwa la moto, acha mpaka oili ichuruzike yote. Jaza likiwa limekaa sawa, siyo limeinuliwa upande mmoja, mpaka oili ifike ukingo wa tundu au chini yake kwa milimita 5, isizidi hapo. Chunguza sumaku ya nati ya chini kama ipo: uji mweusi laini ni wa kawaida, vipande vinavyoshikika kwa vidole ni meno. Unga wa rangi ya dhahabu ndani ya oili ni ringi za sinkronaiza.

Kagua pia bushi za kebo mbili za gia. Liva ikiyumba sana hata ukiwa ndani ya gia, bushi zimekwisha, na gia hazifiki mwisho wa safari yake.

mkazi_wa_kimara

Nimerudi na majibu. Kapeti nimetoa. Kipimo cha rivasi: baridi nimepata milimita 22, moto 9. Chini ya dashibodi pakavu, slevu kavu, mpira hauvimbi. Oili nyeusi tii. Rodi ya slevu inatoka vizuri, kisha inarudi taratibu pedali ikiwa imekanyagwa. Oili ya giaboksi nimeweka 75W-90 GL-4: liva imekuwa nyepesi, gia mbili bado inakwaruza nikishuka haraka, nikishuka polepole haikwaruzi.

fundi_klachi

Basi ni masta, inavujia ndani. Giaboksi haishushwi kwa kazi hii.

Una njia mbili: seti ya raba, au masta mpya. Vua masta, safisha silinda, ipitishe kidole na kuimulika kwa tochi. Ikiwa laini kama kioo, raba mpya zitadumu. Ikiwa na vishimo vya kutu au mikwaruzo, raba zitachanika muda si mrefu, nunua masta nzima. Hapa pwani oili ya breki, ambayo ndiyo ya klachi pia, inafyonza unyevu wa hewa, silinda inaliwa na kutu kutoka ndani. Ndiyo sababu inabadilishwa kila miaka miwili hata kama haijapungua. Badilisha na raba za slevu siku hiyo hiyo. Uchafu mweusi umeshafika huko, na masta mpya ikileta presha kamili, raba ya slevu iliyochoka ndiyo itakayofuata.

Tumia DOT 3 tu, kutoka kopo lililofunguliwa siku hiyo. Kamwe usiweke oili ya injini, hydraulic wala ATF. Raba zinavimba na mfumo mzima unaharibika.

Kufunga: rodi ya pedali ibaki na uhuru wa milimita 1 hadi 5 kabla haijagusa pistoni, ukipimia juu ya pedali. Uhuru wote wa pedali uwe milimita 5 hadi 15. Msikubali kuimaliza hiyo nafasi ili klachi "ikate juu". Rodi ikiibana pistoni muda wote, kitundu cha kurudishia oili kwenye kopo kinabaki kimefungwa. Oili ikipata joto inatanuka, inakosa pa kwenda, inaanza kuisukuma klachi yenyewe. Hapo gari lililokuwa halitelezi litaanza kuteleza.

Kutoa upepo: vesha mpira mwembamba wa plastiki kwenye nipo (kichuchu cha kutolea upepo) ya slevu, ncha ya pili iwe ndani ya chupa yenye oili kidogo. Msaidizi akanyage mara kadhaa ashikilie chini, wewe fungua nusu mzunguko, funga, ndipo aachie. Kopo lisikauke hata mara moja. Endelea mpaka mapovu yaishe na oili itoke safi. Slevu ikiwa imevuliwa, mtu asikanyage pedali, pistoni itaruka nje.

Kisha rudia kipimo cha rivasi ukiwa moto.

msomaji_wa_gereji

Na kikibaki chini ya 25 baada ya hapo?

fundi_klachi

Hapo ndipo giaboksi inashuka, na unakagua kwa vipimo. Klachi pleti: kutoka uso wake mpaka vichwa vya riveti pasipungue milimita 0.3. Ncha za springi za presha pleti: zikiliwa zaidi ya milimita 0.6 kwa kina, badilisha. Rilizi beringi, ile inayosukumwa na uma wa klachi: izungushe huku unaikandamiza, ikikwama au kukwaruza, tupa. Uma wa klachi na kikalio chake huwa vinalika kimya kimya. Tafuta oili kwenye flaiwili. Ikiwepo, sili ya krenki inavuja, na klachi mpya bila sili mpya ni hasara.

Kwenye splaini (meno marefu) za shafti paka grisi kiduchu tu, shafti kavu inaburuza pleti. Hakikisha pleti haikugeuzwa. Kabla ya kuondoka dukani linganisha kipenyo na idadi ya meno na ile ya zamani. Bolti za presha pleti kaza kwa kupokezana, kidogo kidogo, mpaka 19 Nm.

oili_na_gia

Kuhusu gia mbili, kukwaruza ukiharakisha tu maana yake ringi imechoka lakini haijaisha. Simama nyutro sekunde moja kati ya tatu na mbili, au gusa resi kidogo ukiwa nyutro huku umeachia klachi, kisha kanyaga tena uingize. Kubadilisha ringi ni lazima giaboksi ifunguliwe yote, kwa hiyo isubiri siku itakaposhushwa kwa klachi. Giaboksi ya mtumba siishauri. Ringi zake hazionekani kwa nje, na dukani hakuna pa kuijaribia gia mbili ikishuka kutoka tatu.