Mjadala: Dondoo la mmea likiua vimelea ndani ya kioo, tuseme tumepata dawa?

Mleta mada

Wadau, kuna jambo limenikaa rohoni muda mrefu, naomba tulijadili.

Kila mwaka fedha za umma zinalipia tafiti za aina moja. Majani yanakaushwa, yanasagwa, yanalowekwa kwenye ethanoli (aina ya alkoholi), yanachujwa, ethanoli inakaushwa, kisha masalia yake, yaani dondoo, yanamwagiwa seli za saratani au vimelea vya malaria ndani ya chombo cha kioo maabara. Vikifa, makala inachapishwa, magazeti yanatangaza kwamba dawa imepatikana, na safari inaishia hapo. Mwakani unachukuliwa mmea mwingine, kazi inaanza upya.

Swali langu: je, fedha hizo ziendelee kutolewa kwa mtindo huo? Mimi nasema hapana. Viumbe asilia viendelee kutafitiwa, tena kwa bidii, lakini fedha zilipie kazi inayoanza pale dondoo linapoishia: kutenga molekuli, kujua umbo lake, kuibadilisha hadi mwili wa mgonjwa uweze kuitumia.

Seli ndani ya kioo si mgonjwa. Ukizimwagia dondoo zito vya kutosha, karibu kila kitu kitaziua, hata sabuni. Tunachohitaji kujua ni molekuli ipi imeua, kwa kiasi gani, imeshika wapi, na ikimezwa itafika kwenye damu ikiwa bado ni yenyewe au ini litakuwa limeshaivunja.

Angalieni artemisinini, dawa ya malaria iliyotoka kwenye mmea wa Artemisia, maana ndiyo kila mtu huitaja. Mwaka 1967 China ilianzisha mradi wa siri wa kutafuta dawa ya malaria, ulioitwa 523, kutokana na tarehe 23 Mei. Kikundi cha mtafiti wa Kichina, Tu Youyou, kilipekua mapishi ya kale ya tiba, lakini madondoo yao yalikuwa hayatabiriki, leo yanafanya kazi, kesho hayafanyi. Ndipo Tu akarudi kwenye maandishi ya mtabibu Ge Hong ya karne ya 4, yanayosema mmea ulowekwe kwenye maji, ukamuliwe, maji yake yanywewe. Hakuna kuchemsha! Akahisi moto ndio unaoharibu. Akahamia kwenye etha, kiyeyushi kinachochemka kwa takriban nyuzi 35 tu, na Oktoba 1971 sampuli namba 191 ikasafisha vimelea vyote kwa panya waliojaribiwa.

Wengi husimulia mpaka hapo. Kumbe nusu ya kazi ilikuwa bado. Artemisinini haiyeyuki vizuri kwenye maji wala kwenye mafuta. Mtoto aliyepoteza fahamu kwa malaria kali hawezi kumeza kidonge, na hiyo molekuli huwezi kumchoma ilivyo. Wakemia wakaigeuza sehemu moja, wakapachika kipande kinachopenda maji, ikawa artesuneti. Lile daraja la atomi mbili za oksijeni, ambalo ndilo silaha yenyewe dhidi ya kimelea, hawakuligusa. Mwaka 2010 yakachapishwa matokeo ya jaribio la watoto zaidi ya 5,000 katika nchi kadhaa za Afrika: sindano ya artesuneti ilipunguza vifo kwa zaidi ya moja ya tano ikilinganishwa na kwinini. Sasa kwinini ni molekuli ya mti jinsi ilivyo, ilitengwa kwenye magome mwaka 1820. Artesuneti ni molekuli ya mmea iliyopita mikononi mwa mkemia. Tofauti yao ni watoto walio hai.

David Newman na Gordon Cragg, ambao kwa miaka mingi wamekuwa wakihesabu asili ya dawa mpya, walionyesha kwamba kati ya zilizoidhinishwa kuanzia 1981 hadi 2019, molekuli za asili zisizobadilishwa ni karibu asilimia 4. Zilizotoka kwenye asili zikabadilishwa ni karibu asilimia 19. Naomba kuwasilisha.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, nakuunga mkono nusu, nusu nyingine nakupinga. Kama mwisho wa yote ni mkemia, kwa nini tuanzie porini? Imatinibu ya saratani ya damu, iliyoidhinishwa 2001, haikuchumwa mtini. Watu walijua kimeng'enya (protini inayoendesha kazi za seli) kilichoharibika, wakatengeneza ufunguo wa kukifunga. Dawa za kuzuia kimeng'enya cha virusi vya UKIMWI nazo zilibuniwa kwa kutazama umbo la kimeng'enya chenyewe.

Halafu tazama gharama ya asili. Wajapani waliotenga halikondrini B, molekuli inayozuia seli za saratani, kutoka kwenye sponji wa baharini miaka ya 1980 walikusanya kilo 600 za sponji wakapata miligramu 12.5. Hebu ifikirie hiyo. Kilo mia sita! Ungetibu wagonjwa wangapi kabla bahari haijaisha? Fedha ziende kwenye kompyuta na maktaba za molekuli, yaani makusanyo makubwa ya molekuli zinazotengenezwa maabara. Hayo mengine ni mapenzi ya kale.

Mleta mada

Ahsante ndugu, mfano wako wa sponji ni mzuri kuliko ulivyokusudia. Mwaka 1992 kundi la mkemia Yoshito Kishi lilifanikiwa kuijenga halikondrini B nzima maabara, kipande kwa kipande. Walipovijaribu vile vipande ikaonekana karibu nusu ya molekuli inatosha kuzuia seli ya saratani isigawanyike. Nusu hiyo ikafanyiwa kazi zaidi, ikawa eribulini, ikaidhinishwa 2010 kwa saratani ya matiti iliyosambaa. Inatengenezwa kwa hatua zaidi ya 60 na hakuna sponji hata mmoja anayevuliwa kwa ajili yake. Bahari ilitoa wazo mara moja tu. Lakini bila wazo hilo, nani angekaa mezani akachora kitu chenye mizunguko ya ajabu namna ile? Mimi siamini kama yupo.

Kuhusu maktaba za molekuli, kwenye antibiotiki tumeshaona. Kampuni ya GlaxoSmithKline ilitumia miaka kuanzia 1995 hadi 2001 kufanya machujo 70 makubwa ya kutafuta molekuli za kupambana na bakteria, ikiwa na mamia ya maelfu ya molekuli. Ikatoka na 5 tu zenye dalili ya kufaa kuendelezwa. Sababu moja inaeleweka: ukuta wa bakteria ni mgumu kupenya, na maktaba zile zilijazwa molekuli zinazofaa seli za binadamu. Kuvu na bakteria wa udongoni wamekuwa wakiuana tangu zamani mno, na silaha zao zimeshajua njia ya kupenya. Imatinibu naiheshimu kabisa. Ila pale ulikuwa unajua kufuli. Kuna magonjwa ambayo kufuli lenyewe hatulijui, na molekuli ya asili ndiyo iliyotuonyesha liko wapi.

Mchangiaji wa pili

Nyote wawili mnaongea kana kwamba mmea ni ghala la molekuli na watu waliouhifadhi ni walinzi wa ghala. Nina mambo mawili.

La kwanza, mmea una viambato vingi vinavyosaidiana. Mnachukua kimoja, mnatupa 200, halafu kikishindwa mnasema tiba ya asili haina kitu.

La pili ndilo linaloniuma. Mganga anawaonyesha mti. Mnatenga, mnabadilisha atomi tatu, mnaita uvumbuzi wenu, mnachukua hataza, yaani haki ya kuumiliki. Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010, mkataba wa kimataifa kuhusu matumizi ya viumbe asilia, inataka mgawanyo wa haki wa manufaa, lakini inapoeleza kiambato kinachotokana na kiumbe inazungumzia kile kilichomo kiasili. Mkishakigeuza, mnasema hiki si kile. Kwa hiyo mleta mada anaposema fedha ziende kwenye kubadilisha, mimi nasikia fedha ziende pale ambapo mwenye ujuzi anasahauliwa kisheria.

Mchangiaji wa tatu

Naomba niseme kama mtu anayeifanya kazi hii kwa mikono.

Nilipewa dondoo la mizizi lililokuwa linaua seli vizuri sana. Nikajaza unga wa silika kwenye bomba refu la kioo, nikamimina dondoo juu, nikawa natiririsha kiyeyushi taratibu siku tatu. Rangi zinashuka kwa mikanda, kijani, kahawia, halafu mkanda mmoja wa manjano unaovutia macho. Nikapata chupa ndogo 60. Unadondosha tone la kila chupa kwenye kibamba, unakiweka chini ya taa ya urujuanimno, unaunganisha zinazofanana. Chupa ya 31 hadi ya 36 ndizo zilizoua. Nilifurahi mno.

Nikazisafisha tena. Kadiri zilivyozidi kuwa safi na ile manjano kuondoka, ndivyo nguvu ilivyozidi kupungua. Miezi minne ikapita. Mwishowe nikagundua ile molekuli ya manjano ilikuwa inang'aa yenyewe, na kipimo chetu kilikuwa kinahesabu seli zilizokufa kwa kusoma mwanga. Tulikuwa tunapima rangi, hatukuwa tunapima vifo. Hakuna aliyetaka kuchapisha hilo, na fedha zilikuwa zimeisha siku nyingi, maana zilitolewa kwa ajili ya dondoo tu.

Mkidhani ni mimi peke yangu, someni habari za kurkumini, ile ya manjano ya binzari. Mwaka 2017 wakemia walipitia ushahidi wake: majaribio ya kitabibu zaidi ya 120, na hakuna hata moja lililofaulu kati ya yale yaliyoilinganisha na kidonge tupu bila mgonjwa wala daktari kujua nani kapewa nini. Haidumu mwilini, hainyonywi vizuri, na inadanganya vipimo vingi, pamoja na hicho cha mwanga.

Ila mleta mada, usilifukuze dondoo. Bila hatua hiyo chafu ya kwanza hakuna wa kujua aanzie wapi. Kosa ni kuilipia peke yake.

Mleta mada

Hapo umenirekebisha na nakubali. Nilisema fedha zianzie pale dondoo linapoishia. Nabadilisha kauli: anayeomba fedha za dondoo awe ameshafungwa pamoja na mkemia wa kulitenga, mashine ya kusoma muundo wa molekuli iwe imelipiwa, na kipimo cha pili kisichotegemea mwanga kiwepo tangu mwanzo. Na matokeo kama yako ya chupa ya 31 yachapishwe, ili mwingine asipoteze miezi minne ileile.

Dada, mchangiaji wa pili, nakujibu kwa uzito unaostahili. Kwenye viambato kusaidiana, inawezekana, lakini lazima ionyeshwe kipi kinasaidia kipi, na huwezi kuonyesha kabla ya kuvitenga. Miaka ya mwanzo ya 1990 huko Ubelgiji makumi ya wanawake waliotumia mitishamba ya kupunguza unene waliharibikiwa figo kwa asidi ya aristoloki iliyokuwa ndani yake. Wengine wakapata saratani ya njia ya mkojo. Kwenye mmea mzima na sumu imo. Ndiyo maana hata Shirika la Afya Duniani haliungi mkono chai ya Artemisia kutibu malaria: kiasi cha artemisinini hutofautiana jani kwa jani, na dozi pungufu humfundisha kimelea ukaidi.

Kwenye umiliki sina cha kukupinga. Umenionyesha tundu ambalo pendekezo langu lingelipanua. Nadhani mkataba usainiwe kabla ya jani la kwanza kukauka, na useme wazi kwamba molekuli yoyote iliyobuniwa kutokana na ile ya mmea imo, iwe imebadilishwa atomi tatu au thelathini.

Mchangiaji wa pili

Nimekusikia, na hilo la thelathini nalishikilia. Sasa nijibu hili: mti uleule unatumiwa na jamii nne, kila moja kwa ugonjwa wake, na molekuli yenu ikaja kutibu ugonjwa wa tano ambao hakuna aliyeutaja. Mkataba huo unausaini na nani?