Potasiamu ya kituo kimoja iko juu na kontroli zote zimepita, tatizo liko wapi?

Msimamizi_Mpya
Wakuu habari zenu, naombeni msaada hili jambo linaninyima usingizi. Nasimamia maabara ya utafiti, vituo vitano vinatuletea seramu (majimaji ya damu iliyoganda) na tunapima kwa mashine moja. Sasa kituo kimoja potasiamu zao zinatoka 5.3, 5.6 hadi 5.9 wakati washiriki hawana ugonjwa wa figo, vituo vingine vyote viko ndani ya kawaida, 3.5 hadi 5.1 mmol/L. Kontroli za asubuhi (sampuli zenye majibu yanayojulikana, za kukagua mashine) zimepita, ya chini na ya juu, nimerudia sampuli kumi majibu ni yaleyale. Mtafiti mkuu anasema rudia tena, mtu wa data anataka namba zifutwe eti haziwezekani. Mimi moyo unakataa yote mawili ila sina hoja ya kuwapa. Nianzie wapi?

BiSampuli
Mdogo wangu acha kurudia, unamaliza seramu bure. Kontroli inakwambia mashine iko sawa leo basi, damu ilipitia nini kabla haijakufikia yenyewe haijui. Angalia kalsiamu ya tyubu hizohizo, ikiwa chini sana ujue damu ya tyubu ya zambarau imeingia kwenye ya seramu, maana EDTA iliyomo (dawa ya kuzuia damu isigande) ni chumvi ya potasiamu halafu inanasa kalsiamu. Halafu angalia hemolisisi, yaani chembe nyekundu kupasuka. Kama vyote viko sawa waulize damu imekaa muda gani kabla ya kuspiniwa (kuzungushwa kwenye mashine ya sentrifuji ili seramu itengane), na imekaa wapi.

Msimamizi_Mpya
Asante dada. Kalsiamu ni ya kawaida, 2.3 na 2.4, hemolisisi hakuna, seramu ni ya njano safi. Ila nimefungua fomu zao nikashtuka, washiriki wote 40 wametolewa damu saa mbili kamili na kuspiniwa saa mbili na nusu.

Mzee wa Data
Hapo hapo. Mtoa damu mmoja hawezi kutoa watu wanane asubuhi moja wote saa mbili kamili, hizo zimejazwa jioni kwa kukumbuka au kwa kunakili fomu ya juu yake. Lakini nakuomba usiwafokee, ukiwafokea wiki ijayo wataandika saa mbili na dakika tatu, mbili na dakika saba, na hapo hutawagundua tena. Nenda kakae nao siku nzima, beba saa yako, angalia tu.

Msimamizi_Mpya
Nimerudi jana. Sentrifuji yao ni ya tyubu nane na wanasubiri zitimie nane ndio wawashe, na wakati wanasubiri tyubu zinakaa kwenye boksi la barafu. Dada wa pale kaniambia kwa roho safi kabisa, "tunaziweka kwenye baridi zisiharibike". Tyubu ya kwanza niliyoifuatilia ilikaa masaa saba.

BiSampuli
Barafu ndio jibu lako. Chembe nyekundu zina pampu inayorudisha potasiamu ndani, zikipoa pampu inalala na potasiamu inavuja taratibu bila chembe kupasuka, ndio maana seramu yako ni safi na hemolisisi huioni. Ila wasije wakatoa barafu wakaacha tyubu mezani siku nzima, chembe zinakula glukosi kama asilimia 5 hadi 7 kwa saa kwenye joto la chumba. Damu igande kama nusu saa, ispiniwe, seramu itengwe, yote ndani ya masaa mawili. Hata tyubu ikiwa moja wabalansi na tyubu ya maji wawashe, hakuna haja ya kusubiri nane.

Mzee wa Data
Na zile namba zisifutwe. Ziache kama zilivyotoka, kila moja weka alama na sababu, tarehe na jina la aliyeweka, andika na ripoti ya kukiuka protokoli. Saa zile za uongo pia usizirekebishe kwa kubuni, andika "muda halisi haujulikani". Kama zitaingia kwenye uchambuzi au la waamue sasa, kabla mtu hajaona matokeo ya makundi, maana wakishayaona kila namba inayotolewa itakuwa na maswali. Glukosi na fosfeti za tyubu hizo nazo ziwekee alama.

Swali moja ambalo hujalisema, majibu hayo yalishapelekwa kliniki?

Msimamizi_Mpya
Nimeangalia sasa hivi. Wawili walishapewa. Mmoja aliambiwa asimamishe dawa yake ya presha kwa sababu ya hiyo potasiamu. Nampigia daktari wa utafiti muda huu, aitwe leo atolewe damu upya na nitaispini mwenyewe.