Nataka Carina yangu ifike resi 8000, injini itapona?

KijanaWaFuoni: Assalaam aleikum wakubwa. Nina Toyota Carina, injini 4A-FE, gia za mkono. Nikiikanyaga barabara ya Fumba, ikikaribia resi 6500 (mizunguko ya injini kwa dakika) inakata, kama mtu kafunga mafuta. Fundi mmoja hapa mjini ananambia atachezea kontrol boksi, ile kompyuta ya injini, kikomo kitoke, ifike 8000. Kazi ya siku moja, ati. Nafsi inataka ila roho inasita. Nifanye?

KwerekweGereji: Waaleikum salaam. Usimpe gari huyo.

BabuWaChake: Mwanangu, kikomo kile hakikuwekwa kwa choyo. Kutoka 6500 hadi 8000 mizunguko haijaongezeka hata robo, lakini nguvu inayoinyofoa konrodi, ile fimbo inayoishika pistoni, pistoni inapogeuka kule juu imeongezeka nusu nzima, maana resi ikizidi mara mbili nguvu ile inazidi mara nne. Mbaya zaidi ni pale mwisho wa kutoa moshi: hakuna mgandamizo wa kuipokea pistoni, mzigo wote unabebwa na bolti za konrodi. Zikikatika, utaiokota injini yako barabarani.

Halafu kuna springi za valvu. Kamshafti, ile inayofungua valvu, ikizunguka haraka kuliko springi inavyowahi kurudi, valvu inabaki hewani, na kwenye injini nyingi hapo ndipo inapogongana na pistoni. Kwa hiyo anayetaka 8000 kwa salama anafungua injini: springi ngumu, bolti za konrodi za mashindano, beringi mpya, kranki na pistoni zipimwe uzito zilingane, oili pampu ikaguliwe. Kontrol boksi inakuja mwisho kabisa. Huyo wako kaanzia mkiani.

Na hata ukifanya yote hayo, hiyo 4A-FE yako ina kamshafti laini. Ikipita 6000 haina pumzi tena. Utapata kelele, gari haiendi.

Karafuu_20V: Babu kamaliza. Mimi niliweka injini ya 4A-GE ya valvu 20, ile ya kifuniko cheusi. Silinda ni zile zile, upana milimita 81, pistoni inatembea milimita 77, cc 1587 kama yako. Tofauti iko kichwani: valvu tano kila silinda, na kila silinda ina koo lake la hewa. Kiwandani inatoa nguvu za farasi 165 kwenye resi 7800. Toyota wameshaifanya kazi unayotaka kumlipa mtu aibahatishe.

KijanaWaFuoni: Shukran sana. Nimempigia yule fundi, nikamuuliza springi na bolti. Kasema "hizo mbwembwe tu". Nimeghairi. Lakini babu, nikibaki na kikomo si nitakuwa salama hata nikiikanyaga kila siku?

BabuWaChake: Kikomo kinazuia mguu wako, hakizuii mkono wako. Ukitoka gia ya tatu unatafuta ya nne, ukaangukia ya pili, matairi ndiyo yanayoizungusha injini. Kukata mafuta hakusaidii kitu. Nimeshafungua injini za namna hiyo, vijana wakiapa hawakuzidisha.

DadaMkoani: Na hiyo Fumba unayoikanyagia ina watoto wa skuli, mdogo wangu. Breki umezitazama lini?

KijanaWaFuoni: Dada, breki za mbele zinalia kidogo 😅

DadaMkoani: Basi tunazungumza nini hapa?

KijanaWaFuoni: Haya, breki kwanza. Karafuu, ile 20V ulinunua injini tupu?

Karafuu_20V: Hapana. Ilikuja na waya zake na kontrol boksi yake. Bila hivyo usitoe hata shilingi. Pima kompresheni (mgandamizo) silinda zote nne, na ubadilishe mkanda wa taiming na wota pampu kabla hujaiingiza garini. Ikishakaa mle ndani, kuufikia mkanda ule ni kujikwangua mikono.

BabuWaChake: Siku ya kupima niite. Meli ya asubuhi nitaiwahi.