Mjadala: Mahekalu ya kale ya Wamaya, nani aamue masharti ya kuyazuru?

Mleta hoja

Ndugu wasomaji, naomba tujadili suala la watalii kuzuru mahali patakatifu pa watu wa kale, na ili tusitangetange nachukua mfano wa Chichén Itzá, mji wa kale wa Wamaya katika jimbo la Yucatán nchini Meksiko. Piramidi yake kubwa, El Castillo, ina ngazi pande zote nne, vidato 91 kila upande, ambavyo pamoja na jukwaa la juu hutimia 365, sawa na siku za mwaka. Machi na Septemba, mchana na usiku unapolingana, jua la alasiri huchora kwenye ukingo wa ngazi ya kaskazini umbo la nyoka anayeteremka hadi kwenye kichwa chake cha jiwe pale chini. Zamani mgeni yeyote aliruhusiwa kupanda. Mwaka 2006 mtalii mmoja alianguka akafa, na baada ya hapo kupanda kukapigwa marufuku.

Wapo wanaoisifu marufuku hiyo kuwa ni heshima kwa Wamaya. Sikubaliani nao. Iliwekwa kwa ajili ya usalama wa wageni na uhai wa mawe. Wamaya, ambao hadi leo wanaishi katika vijiji vya jirani na kuzungumza lugha yao, hawakupata kwayo kauli yoyote. Ardhi yenyewe ilikuwa mali ya familia binafsi hadi serikali ya jimbo ilipoinunua mwaka 2010. Kabla ya hapo, Edward Thompson, konsuli wa Marekani aliyekuwa amenunua shamba lenye magofu hayo, alianza mwaka 1904 kuzoa tope la Kisima Kitakatifu, shimo kubwa la maji ambamo Wamaya wa kale walitupa sadaka, kwa winchi na ndoo ya chuma, akaibua dhahabu, jade (jiwe la kijani la thamani), ubani na mifupa ya waliotolewa kafara, na vingi kati ya vitu hivyo vikaishia katika makumbusho ya Peabody, Chuo Kikuu cha Harvard. Hoja yangu basi si kwamba wageni wafukuzwe, bali kwamba wenye matambiko ndio wapange siku za kufunga, mahali pasipokanyagwa, na matumizi ya sehemu ya kiingilio.

Mchangiaji wa kwanza

Mleta hoja, hao wenye matambiko ni akina nani hasa? Wamaya wengi wa Yucatán leo ni Wakristo, na dini iliyotaka watu watupwe kisimani hakuna anayetaka kuirithi nzima. Isitoshe, wanaouza vinyago na nguo za tarizi kando ya njia za kuelekea piramidi ni Wamaya hao hao, na mvutano wao na wasimamizi wa eneo ni wa miaka mingi. Mkifunga mahali panapopokea watu zaidi ya milioni 2 kwa mwaka, hata kwa siku chache tu, wa kwanza kulala njaa ni huyo mchuuzi.

Mchangiaji wa pili

Swali la "ni akina nani" lina jibu upande wa pili wa mpaka. Mkataba wa mwaka 1995 kuhusu haki za wenyeji wa asili wa Guatemala unavitambua vituo vya ibada vya Wamaya na haki ya viongozi wao wa kiroho kuvitumia. Huko Tikal, mji mwingine wa kale wa Wamaya, ibada za moto na ubani hufanyika uwanjani, katikati ya mahekalu, na watalii wakiwapo. Machi 2007, Rais George W. Bush alipozuru magofu ya Iximche nchini humo, viongozi hao walipasafisha mahali hapo kwa tambiko baada ya yeye kuondoka. Aliyependezwa na aliyechukizwa wote walijua ni nani aliyesema kwa niaba ya Wamaya.

Hata kwetu Pwani ya Kenya, katika Kaya Kinondo, msitu mtakatifu wa Wadigo, mgeni hufungwa kaniki kabla ya kuingia msituni na hatoki na hata jani. Nakiri kwamba umati wa Chichén Itzá haufungiki kaniki mmoja mmoja.

Mleta hoja

Haufungiki, lakini unaweza kupangiwa siku. Na mchuuzi aliyetajwa hapo juu ndiye wa kwanza ninayetaka akae kwenye kikao cha kupanga siku hizo, kwa sababu hadi sasa habari za kuhamishwa kwake huamuliwa na watu wengine. Anayeona kikao hicho hakiwezekani atueleze ni kwa nini kauli ya mwenye hoteli ya watalii inawezekana kusikilizwa.