Diski ya pili ya Sun kuukuu hapa Amu: ninunue diski au kadi ya SCSI?

Langoni_Waya
Wadau salaam. Ofisini kuna mashine ya Sun yenye hesabu za miaka mingi, na diski yake imeanza kulia. Kuna muuzaji Mombasa ana diski iliyotumika ya SCSI (njia ya zamani ya kuunganisha diski), na ana kadi ya SCSI ya kutia kwenye PC. Pesa inatosha kitu kimoja. Ninakili humo humo kwenye Solaris, mfumo endeshi wa Sun, ama nisome data kwa Linux? Kinachonitisha ni majina ya diski. Huku c0t0d0s0, kule sda. Nikikosea herufi moja nimekwisha.

Mkomani80
Mashine gani? Solaris ngapi? Diski ya pini 50, 68 au 80? Tupe `uname -a` na orodha ya `format`. Ikikwambia uchague diski, bonyeza Ctrl-D utoke.

Langoni_Waya
Ultra 60, Solaris 8. Yaonekana c0t0d0 peke yake. Pini sijahesabu, ila haina waya nyuma, yasukumwa tu ndani.

Mkomani80
Basi ni pini 80, SCA (plagi moja ya data na umeme). Nunua diski. Jina halina uganga: c ni kontrola, t namba ya SCSI, d ni LUN (namba ya kifaa ndani ya namba hiyo ya SCSI), s ni kipande cha diski. Kwenye SCA nafasi ndiyo inayotoa namba, hakuna jampa, kwa hivyo ya pili itakuwa c0t1d0. Sidirom iko t6, na 7 ni ya kontrola yenyewe.

Zima, isukume ndani, kisha kwenye alama ya `ok`, kabla Solaris haijawaka, andika `boot -rs` ili diski mpya itambuliwe. Gawa diski kwa `format`. Usinakili mgawanyo kwa `prtvtoc` na `fmthard` isipokuwa diski ni za aina moja, maana silinda zikitofautiana vipande hukaa mahali pasipo. s2 ni diski nzima, iache. Halafu tengeneza mfumo wa faili, ufungue kipande kipya, unakili:

`newfs /dev/rdsk/c0t1d0s0`
`mount /dev/dsk/c0t1d0s0 /mnt`
`cd /mnt`
`ufsdump 0f - /dev/rdsk/c0t0d0s0 | ufsrestore rf -`

Angalia rdsk na dsk: newfs na ufsdump hutaka ya kwanza, mount ya pili. Rudia kwa kila kipande chenye data. Maliza na `installboot` (huandika programu ya kuwashia), na ubadilishe t0 kuwa t1 ndani ya /mnt/etc/vfstab. Hili la vfstab wengi hulisahau: mashine inawaka kwa diski mpya, kisha inakwenda kufungua vipande vya diski ile ile mbovu.

Shela_Unix
Kaka, kazi yote hiyo ya nini? Chukua kadi. Kwenye Linux ni `mount -t ufs -o ro,ufstype=sun /dev/sdb1 /mnt` na data iko mkononi. Kumbuka kuongeza moja tu: s0 ni sdb1, s2 ni sdb3, s7 ni sdb8. Diski inayolia haifai kusomwa mara mbili.

Mkomani80
Na adapta ya pini 80 kwenda 68? Na kebo? Na taminata (kizibo cha kuzuia mawimbi kurudi) mwishoni mwa kebo? Amesema pesa ni ya kitu kimoja.

MzeeWaDisketi
Vijana, hiyo sdb ndiyo ya kuogopwa. Linux hugawa herufi kwa mpangilio wa kuonekana. Ofisi moja ilikuwa na `dd if=/dev/sda of=/dev/sdb` (nakili sda yote juu ya sdb) ikiendeshwa na kroni, kipanga kazi cha saa, kila usiku. Fundi akaongeza kadi ya kontrola, akaihamishia diski ya nakala. Kuwasha, kadi ikaonekana kwanza: nakala ikawa sda, diski ya kazi ikawa sdb. Usiku kroni ikamwaga data ya jana juu ya data ya leo, tena mfumo ukiwa wazi. Na UUID (kitambulisho cha mfumo wa faili) isingewaokoa, kwa sababu dd hunakili UUID pia, na hapo diski mbili zina kitambulisho kimoja. Dawa ni /dev/disk/by-id, yenye namba ya kiwandani.

Solaris ukitoa t0, t1 hubaki t1.

Shela_Unix
Mzee, hata Sun wamewahi kuvuruga. SunOS 4, mfumo wao wa kabla ya Solaris, diski ya namba 3 ndiyo iliitwa sd0, na namba 0 ikaitwa sd3!

MzeeWaDisketi
Kweli, na ndiyo maana SPARCstation za zamani zikiwa na Solaris 2 huwaka kutoka c0t3d0s0. Kwa jina tulivu hakuna kama AIX, Unix ya IBM: hdisk0 imeandikwa kwenye ODM (hifadhidata ya mipangilio), na diski yenyewe ina PVID (kitambulisho chake). `lspv` inakuonyesha vyote.

BahariBSD
AIX haiingii kwenye Ultra. Weka OpenBSD, Unix huria: sd0a, sd0b, herufi ya mwisho ni kipande, c ni diski nzima, basi.

Shela_Unix
Na NetBSD, ndugu yake, kwenye i386 (PC) diski nzima ni d. Nyinyi wenyewe hamjakubaliana.

BahariBSD
Kwenye sparc64, chipu ya Ultra, ni c pia. Usichanganye mambo.

Langoni_Waya
Nimempigia muuzaji. Asema diski ina pini 68.

Mkomani80
Haiingii kwenye nafasi hiyo. Mwulize kama ana ya 80, na akusomee lebo: ikiwa HVD (aina ya SCSI ya umeme tofauti) usichukue, kontrola ya Ultra 60 haiongei nayo. Akipata, aifunge kwenye mfuko wa kuzuia umeme tuli na nailoni juu, boti ya Mokowe hurusha maji.

Shela_Unix
Na kadi yauzwaje?