Naomba ushauri: kompyuta mpakato za mtumba kwa ajili ya steshenari, Moshi

SteshenariMoshi: Wakuu, habari za jioni. Nina steshenari karibu na chuo, ambako wanafunzi huja kuchapisha kazi zao na kujaza maombi ya Bodi ya Mikopo. Nataka kuongeza kompyuta mpakato za mtumba kutoka kwa mfanyabiashara wa Arusha, lakini nasikia Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Je, mashine za zamani bado zinafaa kwa wateja?

FundiSakina: Taja prosesa ni ya kizazi gani, na useme kama umeshalipa chochote.

MamaKibosho: Mwanangu, simu yangu ya Android 4 ilipokataliwa na WhatsApp nilidhani imeharibika, kumbe kioo na betri vilikuwa vizima. Sasa ni tochi ya kwendea bandani kwa ng'ombe.

SteshenariMoshi: Shikamoo mama. Fundi, ni Intel ya kizazi cha sita, ila muuzaji ameshaziwekea Windows 11 na nimeziona zikifanya kazi vizuri. Nusu ya fedha nimeshatoa, ni mkopo wa kikoba, na bei ile dukani siipati.

FundiSakina: Hayo ndiyo ungeanza nayo. Kwa Intel, Windows 11 hudai kwa jumla kizazi cha nane na kuendelea, pamoja na chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0. Aliyeiweka kwenye kizazi cha sita ameukwepa ukaguzi, na Microsoft yenyewe inasema mashine za namna hiyo hazina uhakika wa kupata masasisho, hata yale ya usalama. Zitawaka bila shida, lakini watakaoumia ni wanafunzi wanaoandika nywila zao kwenye kompyuta iliyochomekwa flashi za kila mtu.

MzeeNjoro: Kijana, fedha ya kikoba hainunuliwi vitu vya kukisia. Sisi tulisubiri kahawa ilipwe ndipo tukanunua hata redio.

MangiMkavu: Mnunuzi gani huitetea bidhaa asiyoichukua bado? Huyu ndiye muuzaji mwenyewe, anatupima kabla ya kutuuzia.

SteshenariMoshi: Ningekuwa muuzaji ningeweka bei na namba ya simu. Nazitetea kwa sababu fedha imetoka na yule bwana harudishi. Tena msiniambie habari za Linux, ule mfumo wa bure wa kutumia badala ya Windows, wateja wangu hawaijui.

FundiSakina: Awe muuzaji au mnunuzi, jibu halibadiliki. Kurudi Windows 10 si dawa, kwa maana masasisho ya ziada kwa watu binafsi yalitangazwa kuishia tarehe 13 Oktoba 2026. Mwanafunzi anayejaza fomu anahitaji kivinjari tu, na Firefox ya Linux Mint, mojawapo ya matoleo ya Linux, ni ileile anayoijua. Faili za Word hufunguka kwa LibreOffice, programu ya bure ya kuandikia, ingawa mpangilio wa kurasa huweza kuhama, kwa hiyo anayetaka kuchapisha aje na PDF. Kabla ya kumalizia deni, washa mashine moja kwa Mint iliyo kwenye flashi, bila kuisakinisha, uunganishe printa na skana yako. Zikigoma, una hoja ya kudai upunguziwe bei.

MangiMkavu: Na wewe fundi, flashi hizo unauza shilingi ngapi?