Mrejesho: Wakurugenzi na ripoti ya TEHAMA

Wakuu, asanteni kwa michango. Niliuliza kwa nini uongozi hausomi ripoti ya kila mwezi ya kitengo cha TEHAMA, na bajeti inakatwa kila mwaka.

Kilichosaidia zaidi ni kuacha asilimia. "Mfumo ulipatikana 99.5%" inasikika vizuri, kumbe kwa mwezi wa siku 30 ni saa 3 na dakika 36 ambazo mfumo haukufanya kazi. Sasa ripoti ni ukurasa mmoja: mfumo gani ulisimama, kwa muda wa saa ngapi, kazi gani ilikwama, na nani wa upande wa biashara alithibitisha hasara. Hilo la mwisho msiliruke. Hesabu ya hasara ikitoka TEHAMA inaonekana ya kuombea pesa. Ikitoka kwa mhasibu mkuu, haina ubishi.

Chelezo, yaani nakala za akiba za data, nazo zilizua mjadala mzuri. Zinachukuliwa mara moja usiku, maana yake seva ikifa jioni, kazi ya siku nzima imekwenda. Swali likawa la wakurugenzi: mnakubali kupoteza kazi ya saa ngapi? Mauzo wakasema moja, rasilimali watu wakaridhika na 24. Gharama zikafuata majibu yao.

Orodha ya maombi yanayoletwa TEHAMA bado inasumbua, kila idara inaandika "haraka". Tumeweka nafasi tatu tu za juu. Anayeingiza lake anakubaliana kwanza na mwenye ombi litakaloshushwa. TEHAMA haiamui ugomvi huo.